Mitihani ya zamani, kitabu cha sarufi au kitabu cha hadithi: kipi kimfae mtoto anayejiandaa na mtihani wa Kiingereza?

Kuanzia mwezi wa saba mashine yangu ya kopi haipoi. Nina kibanda cha steshenari jirani na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mteja wa msimu huo namjua kabla hajatamka neno. Juzi alikuwa mama mmoja anayeleta viazi kutoka Uyole, khanga ameizungusha hadi masikioni kwa ile baridi yetu, noti zimekunjwa kiganjani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitolee mitihani ya Kiingereza. Yote, ya miaka kumi. Mdogo wako yuko la saba mwaka huu."

"Anakosea wapi, mama?"

"Anakosea Kiingereza."

Kwa mfanyabiashara hilo ni jibu tosha. Ukurasa kwangu ni shilingi 100. Ukihesabu kurasa nane kwa kila mtihani, miaka kumi ni shilingi 8,000, na kazi yangu ni kubonyeza kitufe tu. Lakini kabla ya kibanda nilisomea ualimu wa Kiingereza pale Mkwawa, Iringa, na wakati nasubiri ajira kama wenzangu wengi, jioni nafundisha vijana wachache hapa hapa nyuma ya kaunta. Kwa hiyo swali la "wapi" huwa siliachi lipite, kwa sababu elfu nane hiyo hiyo inanunua pia kitabu cha sarufi chenye mazoezi, au vitabu viwili vitatu vyembamba vya hadithi vilivyotumika. Vitu hivi vitatu havifanyi kazi moja, ingawa dukani vinakaa rafu moja.

Kabla ya kununua chochote, dakika 20 nyumbani

Mtihani wa Kiingereza wa darasa la saba unapima mambo kadhaa kwa mpigo: sarufi, msamiati, kupanga sentensi zilizochanganywa ziwe habari moja, na ufahamu. Alama ni 50, sawa na kila moja ya karatasi nyingine tano. Kidato cha nne yapo hayo, kisha kunaongezeka kuandika upya sentensi kwa kufuata maagizo, kutunga barua na insha, na maswali ya riwaya, tamthilia na mashairi waliyosoma. Mtoto anaweza kuwa hodari upande mmoja na hoi upande mwingine. Karatasi ya matokeo haitakwambia. Itakuandikia D, basi.

Jaribio lenyewe ni hili. Mpe mtoto kisa kifupi cha Kiingereza, mistari kumi hadi kumi na tano, ambacho hajawahi kukiona. Asome kimya. Kusoma kwa sauti kunadanganya. Wapo watoto wanaosoma kama watangazaji wa taarifa ya habari na hawajaambulia kitu. Akimaliza afunge, akusimulie kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, lugha yoyote anayoitumia nyumbani.

Mzazi ataniuliza: na mimi nisiyejua Kiingereza nitajuaje kama anadanganya? Kuna njia. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umeweka mtandaoni hadithi fupi za watoto bila malipo, na nyingi zipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hadithi ile ile, picha zile zile. Wewe soma ya Kiswahili, yeye asome ya Kiingereza, halafu sikiliza. Nimewaprintia wazazi kadhaa jozi za namna hiyo na huwa wanafurahi kuliko watoto.

Akisimulia vizuri, na bado darasani anapata alama za chini, basi kusoma anajua. Kinachomwangusha ni sarufi, au namna ya kujibu. Akishindwa kabisa kusimulia, usimnunulie kitabu cha sarufi sasa hivi. Kuna mtoto wa tatu, naye ndiye ninayempata mara nyingi zaidi: anasimulia nusu, kwa kubahatisha. Ameona neno "dog", ameona "river", akatunga hadithi ya mbwa aliyezama, kumbe mbwa alimwokoa mtu. Huyo kwenye maswali ya kuchagua hupata alama za bahati, na bahati hiyo humdanganya hata mwalimu wake.

Mitihani ya zamani

Hii ndiyo bidhaa ninayoiuza kuliko zote, kwa hiyo nitaisema bila kuipaka mafuta.

Kwanza faida yake ya kweli. Mtoto aliyekaa na karatasi halisi anajua maagizo yanavyoandikwa, anajua swali la ufahamu litamkuta amechoka au bado ana nguvu, anajua kugawa muda. Kwa kidato cha nne, ambako karatasi ya Kiingereza ni ya saa 3, kukaa saa hizo tatu mfululizo nyumbani hata mara mbili tu kunaondoa nusu ya hofu. Maagizo yakisema chagua jibu moja, hachagui mawili. Mambo madogo, lakini nimeona watu wazima wakikosa kazi kwa kutosoma maagizo.

Tatizo ni kwamba mtihani haufundishi. Unauliza. Mtoto asiyejua kwa nini ni "has gone" na siyo "has went" atakosa mwaka 2015, atakosa mwaka 2016, atakosa mpaka karatasi ya kumi, akiwa anaongeza uzoefu wa kukosa. Kijana wangu mmoja wa jioni aliwahi kunijibu maswali kumi na mbili haraka haraka, yote sahihi, nikafurahi. Nikamwuliza la tano kwa nini ni C. Akaniambia, "Madamu, la tano la mwaka ule ni C siku zote." Alikuwa amekariri herufi.

Halafu kuna suala la majibu. Maswali ni ya Baraza la Mitihani, lakini "majibu" mengi yanayozunguka mtaani na kwenye simu yameandikwa na mtu tu, usiku, kwa haraka. Mwaka juzi niliprinti seti ya majibu niliyotumiwa kwenye kundi moja, nikaiuza bila kuikagua. Baada ya wiki akaja mvulana na mwalimu wake wameshaanza kubishana, na mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi. Nikaketi kuipitia: makosa manne kwenye karatasi moja. Nilirudisha fedha kwa walionirudia. Waliochukua wakaenda zao Chunya na Mbarali sijui walijifunza nini. Tangu siku hiyo nauza maswali, majibu nasahihisha mwenyewe au siuzi.

Na kuna kitu kiko wazi kabisa ambacho hakuna mteja aliyewahi kuniomba. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake, pamoja na matokeo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo swali linachambuliwa: lilikuwa linapima nini, wengi walikosea wapi, na mara nyingi wanabandika picha ya jibu zuri na jibu baya kama lilivyoandikwa kwa mkono na mtahiniwa. Bure. Ukurasa mmoja wa jibu baya lililoelezwa ubaya wake una thamani kuliko mtihani mzima uliofanywa na kutupwa chini ya kitanda. Ukija kwangu na bajeti ya kurasa 80, nitakushauri kurasa 24 ziwe mitihani mitatu ya karibuni, na zinazobaki utoe uchambuzi wa miaka hiyo hiyo. Umeandikwa kwa Kiingereza, ndiyo, kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari atausoma mwenyewe na wa msingi atahitaji mwalimu au dada yake.

Mitihani ya zamani sana ina kasoro nyingine: muundo hubadilika mitaala inapobadilika. Karatasi ya miaka kumi iliyopita inafaa kwa sentensi za mazoezi, haifai kumwambia mtoto "hivi ndivyo itakavyokuja".

Kitabu cha sarufi

Hapa nina maneno mengi, mnivumilie.

Vitabu vya sarufi vinavyouzwa kwetu ni vya aina mbili. Vipo vilivyoandikwa nje kwa ajili ya mgeni yeyote duniani, Mjapani na Mbrazili humo humo. Karatasi nzuri, picha nzuri. Vipo na vilivyoandikwa hapa nchini, karatasi nyepesi, makosa ya chapa hapa na pale, lakini mwandishi anajua mtoto wa Tukuyu anajikwaa wapi. Mimi kwa mtihani wa shule nachagua hivi vya pili, na sababu ni Kiswahili chenyewe. Makosa ya watoto wetu hayatokei hewani. Yanatoka kwenye lugha yao nzuri tu, iliyopelekwa mahali isipotakiwa.

Chukua -me-. Sisi tunasema "amevaa koti", na mtoto amefundishwa kwamba -me- ni "has" na tendo lililokamilika. Anaandika "He has worn a coat" kumwelezea mtu aliyesimama mbele yake. Mwingereza angesema "He is wearing a coat", kwa sababu kwake ni hali ya sasa hivi. Amesimama, amekaa, amelala, amechoka: vyote vinamtega mtoto kwa mtego huo huo. Kitabu kisichojua hili kitampa mazoezi hamsini ya "has" na "have" na hakitagusa kidonda.

Au -nge-. Kiswahili kinaiweka pande zote mbili: ningejua ningekuja. Kwa hiyo "If I would know, I would come" ni tafsiri aminifu kabisa, na ni kosa kabisa. Kiingereza kinataka wakati uliopita upande wa sharti, na "would" upande wa pili tu. Mtoto akioneshwa sentensi mbili sambamba, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini, anaelewa kwa siku moja jambo ambalo fomula za ubaoni zimemshinda mwaka mzima.

"Ingawa ni tajiri, lakini hana raha." Kwetu ni sawa, hata mhubiri anasema hivyo. Kwao "although" na "but" havikai sentensi moja. "Sivyo?" yetu moja inatosha kila swali, yao inabadilika na kitenzi kilichotangulia. Sokoni, mezani, shuleni, nyumbani: -ni moja inabeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kwa "at", "on", "in". Yeye ni yeye, awe mjomba au shangazi, ndiyo maana insha ya mtoto kuhusu mama yake inaanza na "she" na kufikia mstari wa nne mama amekuwa "he".

Na hili la mwisho huwachekesha wanafunzi wangu wa jioni. Uliza kwa Kiswahili, "Hujala?" Mwenye njaa atajibu, "Ndiyo, sijala." Anakubaliana na swali. Kwa Kiingereza mwenye njaa huyo huyo lazima aanze na "No". Mtoto akiulizwa kwenye zoezi la mazungumzo atajaza "Yes, I haven't", na nafsi yake imetulia kabisa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, usinunue kwa uzuri wa jalada. Fungua kwenye sentensi za masharti, kisha kwenye vihusishi vya mahali. Kama mazoezi yamewekwa kwa wingi hapo na majibu yako nyuma, chukua. Kama kurasa nyingi zimeliwa na orodha za wingi wa nomino, kirudishe.

Eneo ambalo kitabu cha sarufi hakina mpinzani ni yale maswali ya kuandika upya sentensi, kwa watoto wa sekondari. "Too… to" iwe "so… that". Anza na "No sooner". Anza na "Hardly". Tumia "unless". Mifumo hii inahesabika, haizidi dazeni mbili hivi katika zinazorudi rudi, na hapa kukariri kwa mazoezi kunalipa kwelikweli. Sentensi tano kila jioni kwa mwezi mmoja, mtoto anaimba. Sina aibu kusema hivyo, ingawa chuoni tulifundishwa kuogopa kukaririsha.

Kinachokosekana kwenye kitabu hiki ni pumzi. Sentensi ya kwanza ni ya John na baiskeli, ya pili ni ya mvua, ya tatu ni ya malkia. Mtoto anaweza kukimaliza chote na asiweze kufuata habari ya aya tatu. Na asiyeelewa anachosoma hujaza nafasi kwa mkao wa sentensi tu, ameona "yesterday", anatafuta kitenzi chenye "-ed", hata hajui sentensi imezungumzia nini.

Kitabu cha hadithi

Wazazi hawakipendi. Nasema ukweli. Mama akimwona mtoto amelala kifudifudi na kitabu chenye picha ya kobe, wiki sita kabla ya mtihani, anaona mchezo. Akimwona na kopi ya mtihani anaona masomo, hata kama mtoto anachora mabasi pembeni.

Ngoja niwape kisa cha mbali, kutoka Fiji, nchi ya visiwa kule Pasifiki. Watoto wa vijijini kule nao hukutana na Kiingereza shuleni, si nyumbani. Watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika shule kadhaa za vijijini vitabu vya hadithi vyenye picha, vipatavyo 250, watoto wakawa wanavisoma au kusomewa, wakati shule nyingine zikiendelea na mazoezi ya kawaida. Walichapisha matokeo mwaka 1983. Waliosoma hadithi waliwapita wenzao katika kusoma na kuelewa, na kufikia mwaka wa pili faida ilikuwa imeenea hadi kwenye stadi nyingine za lugha ambazo hadithi hazikuzilenga. Mhadhiri wetu alilirudia jambo hili mpaka tukalichoka, na sasa mimi ndiye ninayelirudia kwa wateja.

Sharti ni moja, na wengi wanalikosa: kitabu kiwe chepesi. Chepesi kuliko unavyodhani. Paul Nation na mwenzake Marcella Hu waliandika mwaka 2000 kwamba ili mtu aifurahie hadithi bila msaada, ajue takriban maneno 98 katika kila 100. Hapa kibandani natumia vidole. Mtoto asome ukurasa mmoja, kila neno asilolijua akunje kidole. Mkono mmoja ukiisha kabla ya ukurasa, hicho si chake bado. Kijana wa kidato cha pili asione haya kuanza na kitabu cha darasa la tano. Hakuna anayemwangalia jalada.

Kinampa nini kwenye mtihani? Kwanza, kustahimili. Kifungu cha ufahamu kinawashinda wengi kwa sababu ni kirefu kuliko Kiingereza chochote walichowahi kukisoma kwa mpigo mmoja. Pili, kinamzoesha kufikiri nje ya maneno yaliyoandikwa. Nina sentensi moja ninayoipenda kuwapa wapya: "The girl counted her money twice, then put the shoes back on the shelf." Yaani, msichana alihesabu fedha zake mara mbili, kisha akarudisha viatu kwenye rafu. Swali: je, msichana alinunua viatu? Mtoto wa mazoezi ya sarufi anatafuta neno "buy" kwenye kifungu. Halipo. Anaacha wazi, au ananakili sentensi nzima kama ilivyo. Mtoto wa hadithi anacheka, anasema fedha hazikutosha. Kunakili mstari wenye neno linalofanana na la swali ni ugonjwa mkubwa wa ufahamu kwetu, na sijaona kitabu cha sarufi kilichoutibu.

Kuna na faida ya pembeni. Huku kwetu r na l hupishana mdomoni, na mtoto anayeandika kwa kufuata sikio ataandika kwamba nyumbani walikula "lice", yaani chawa, na maharage. Aliyeliona neno "rice" mara ishirini kwenye kitabu hauulizi tena mdomo.

Kasoro ya hadithi ni mwendo wake. Haina haraka. Ukianza mwezi wa nane kwa mtihani wa Septemba hutaona kitu, na utanilaumu. Na haimfundishi mtoto kubadili "too… to" iwe "so… that". Ataisoma sentensi hiyo mara mia na kuielewa bila kujua anaweza kuigeuza.

Vinapatikana wapi? Maktaba za mkoa zipo, Mbeya ipo na Iringa ipo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na viti vya watoto vingi viko tupu siku za Jumamosi. Vilivyotumika vinapatikana kwa wauza vitabu wa sokoni, ukiwa na subira ya kupekua. Kwa aliye Makete au Ileje ndani, printi hadithi kumi za African Storybook mara moja ukija mjini, zibane pini, kitabu kimepatikana.

Tuisheni na simu

Tuisheni siilinganishi na vitu hivyo vitatu kwa sababu mwalimu si bidhaa. Nitatoa kipimo kimoja tu: fungua daftari la mtoto utafute wino mwekundu. Niliwahi kufundisha kwenye kituo kimoja, sitakitaja, tulikuwa tunalipwa kwa kichwa na chumba kilikuwa na vichwa zaidi ya 60. Nilikuwa naandika maswali ubaoni, nasubiri, nasoma majibu, wanajisahihisha wenyewe. Sikuwahi kusoma aya hata moja ya mtoto yeyote mle ndani. Wazazi walikuwa wananishukuru. Kama daftari lina vema tu za mtoto mwenyewe, fedha hiyo ihamishe.

Simu inategemea upo wapi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomeka bure, na hiyo peke yake inatosha kuhalalisha bando. Programu za kujifunza lugha zenye mchezo wa nyota na alama ni nzuri kwa msamiati wa kuanzia, ila hazina kifungu cha ufahamu cha maana. Aliye bweni simu haruhusiwi, kwa hiyo kwake ni jambo la likizo ya Juni na ya Desemba, na likizoni simu ina mambo mengi ya kumpa kuliko sarufi.

Kwa hiyo nani achukue nini

Darasa la nne hadi la sita: hadithi, na hadithi, na hadithi. Mitihani asiione mpaka mwalimu amletee. Anayekwenda kidato cha kwanza kutoka shule ya Kiswahili anaingia mahali ambako karibu masomo yote yatafundishwa kwa Kiingereza. Hata baiolojia yake itategemea kama anaweza kufuata ukurasa. Kwake ile miezi ya kusubiri matokeo ni dhahabu, na wengi wanaimaliza kwenye bodaboda na mashamba ya viazi.

Darasa la saba mwenye miezi sita au zaidi, aliyeshindwa jaribio la kusimulia: hadithi mpaka ibaki miezi miwili, kisha mitihani mitatu na kusahihisha kila kosa kwa maneno yake mwenyewe kwenye daftari. Aliyesimulia vizuri: kitabu cha sarufi cha hapa nchini, mitihani mwishoni.

Kidato cha pili na cha nne nawashauri wachanganye, lakini si nusu kwa nusu. Sentensi tano za kuandika upya kila siku hazichukui robo saa. Muda uliobaki wasome. Na kwa kidato cha nne vitabu vya fasihi walivyopangiwa ni hadithi tayari, wasome kitabu chenyewe badala ya muhtasari wa kurasa nne ambao, ndiyo, nami nauuza. C inaanzia alama 45, na nimeona vijana wakiifikia kwa ufahamu na fasihi huku sarufi ikiwa bado inachechemea. Waliofika hapo kwa sarufi peke yake, huku hawaelewi wanachosoma, sijawaona wengi.

Wa shule za mchepuo wa Kiingereza tatizo lao liko kinyume: wanaongea vizuri, wanaandika kama wanavyoongea. Kwao kitabu cha sarufi kwanza.

Na aliyebakiza wiki mbili? Mitihani ya zamani, miwili, na usingizi.

Mama wa Uyole sikumweleza yote haya. Viazi vyake vilikuwa juani. Nilimpa jozi moja ya hadithi, Kiingereza na Kiswahili, nikamweleza namna ya kumsikiliza mtoto. Alirudi baada ya siku tatu, safari hii na mtoto mwenyewe, kimya, ameshika mkoba wa mama yake.

"Ulimsikiliza, mama?"

"Nilimsikiliza. Kumbe sungura wake hata hakufika kisimani." Akamtazama mtoto, wote wakacheka. "Nitolee mtihani wa mwaka jana, mmoja tu, tuuweke. Na hadithi nyingine kama ile, ila mimi nipe ya Kiswahili yenye herufi kubwa, miwani sina."

Kurasa nane za mtihani, kurasa 14 za hadithi. Shilingi 2,200. Nikawasha mashine.